Chini ya Sauti ya Dijei Hema

Hilda alipomaliza ubeti wa mwisho, kanisa zima lilitulia kama watu wanaongoja kuambiwa wapumue, kisha akina mama wa mabenchi ya mbele wakapiga vigelegele. Mectilda hakupiga. Hajapiga kigelegele tangu koo lake lipasuliwe, na hata angejaribu, ingetoka hewa tu, kama tairi la baiskeli lililochomwa na mwiba. Alikaa na mikono mapajani, akimtazama binti yake ndani ya joho la kwaya lililomzidi mabega, na furaha ilimjaa mpaka akaogopa kwamba atalia mbele za watu.

Nje, watu walipokuwa wakisalimiana, Mama Yonas, mwenyekiti wa akina mama, alikuja upande wao amenyoosha mikono yote miwili. Mectilda naye akanyoosha ya kwake. Mama Yonas akampita, akaenda kushika mikono ya Herman.

"Baba Hilda, hongera," alisema. "Kweli damu haipotei. Huyu mtoto amechukua sauti yako yote, hajabakiza."

"Ni Mungu tu, mama," alisema Herman, akacheka kile kicheko chake kinachojulikana kuanzia Haydom mpaka Katesh.

Ni Mungu tu. Mectilda alimtazama mume wake akizipokea sifa zile kama mtu aliyerudishiwa koti lake mwenyewe. Akangoja aongeze neno. Neno moja lingetosha, la kusema sauti ile imetoka kwa nani. Herman hakuongeza kitu, akageuka kumsalimia mzee mmoja aliyekuwa akipita. Basi Mectilda akasema mwenyewe, "Ni ya kwangu." Mama Yonas alimwinamia kwa huruma, akamjibu kwa sauti kubwa, vile watu wanavyosema na kiziwi:

"Pole na koo, mama. Usijisumbue kuongea."

Mtu aliyepoteza sauti huzoea mambo mengi. Huzoea kuvuta nguo za watu ili wamtazame, huzoea kupiga bakuli kwa kijiko. Hili Mectilda hakulizoea, na siku ile aliona hatalizoea.

Njiani kurudi nyumbani Herman alitangulia, maana kila hatua alikuwa na wa kumsalimia. Vijana wa bodaboda walimwita "Dijei Hema" na kumwigizia maneno yake. Hilda alitembea na mama yake.

"Mama, baba anasema nikimaliza kidato cha nne nitaingia naye studio. Eti nitakuwa natafsiri sauti za wanawake kwenye filamu, maana amechoka kubana pua."

Mectilda alisimama. "Na wewe unataka?"

"Si ndiyo sauti yake? Kila mtu anasema."

"Mimi niliimba," alisema Mectilda.

"Kwaya?"

"Bendi."

Hilda alicheka. Hakucheka kwa dharau, alicheka kama mtoto aliyeambiwa kuwa bibi yake aliwahi kucheza mpira. Hajapata kumsikia mama yake akitoa sauti inayofika ng'ambo ya meza, angeamini vipi? Kicheko hicho ndicho kilichomuuma Mectilda kuliko Mama Yonas na kanisa lake. Pale pale barabarani aliamua kwamba mtoto huyu ataisikia sauti ya mama yake, walau mara moja, kabla baba yake hajamfungia studio.

Na sauti hiyo ilikuwepo mahali. Ilikuwa kwenye filamu.

Zamani, kabla Hilda hajazaliwa, Herman alikuwa na bendi iliyoitwa Nangwa Sound. Alipiga gitaa la solo, aliimba mbele, na Mectilda, mchumba na baadaye mke, aliitikia nyuma pamoja na wasichana wengine. Vijana wale walikuwa na ugonjwa mmoja, nao ni filamu za kijasusi. Walizitazama kwenye kibanda cha video cha Sulle, bati juu na bati ubavuni, na hawakwenda kutazama magari wala wanawake waliovaa nusu. Walikwenda kusikiliza wimbo wa mwanzo. Besi inanyemelea kama paka, tarumbeta zinafuata, halafu anaingia mwimbaji. Herman alikariri kila wimbo, akirudi nyumbani anautafuta kwenye nyuzi mpaka anaupata. Jumamosi walizipiga nyimbo hizo baa ya Katesh, na walevi walicheza wakiwa wameelekeza vidole kama bastola.

Siku moja ikaja timu ya watengeneza filamu kutoka Nairobi. Walikuwa wanapiga picha za jasusi anayekimbizwa kwenye magadi ya Ziwa Balangida, filamu yenyewe ya Kiingereza, inaitwa *Saa ya Balozi*. Mwongozaji aliingia baa ile kunywa soda, akawasikia. Hakungoja hata wimbo uishe. Alisema anataka wimbo wa mwanzo wa filamu yake uimbwe kwa Kiswahili, na anataka bendi hiyo hiyo.

Herman hakulala. Alitunga, akafuta, akatunga. Siku ya kurekodi waliingia kwenye ghala la maharage pale Nangwa, magunia yakiwa yamepangwa mpaka juu ili sauti isirudi, na Herman akasimama mbele ya maikrofoni kama bwana harusi. Aliimba mara mbili. Mwongozaji alisikiliza ameinamisha kichwa, halafu akamnyooshea kidole Mectilda aliyekuwa nyuma na wasichana wenzake.

"Jaribu wewe, mama," alisema. "Kwenye filamu hizi sura ni ya jasusi, lakini sauti ni ya mwanamke ambaye haonekani."

Mectilda alikuwa na mimba ya Hilda, pumzi zinamwishia kabla mstari haujaisha. Aliimba hivyo hivyo, akivuta hewa katikati ya maneno, na mwongozaji alifumba macho.

*Usiulize jina langu, nimeliacha nyumbani,*
*ukinisikia naimba, jua siko hapa tena.*

Alipomaliza, mwongozaji alisema sauti ya filamu ni hiyo. Herman alikuwa ndiye mpiga gitaa, na gitaa lake siku ile lilikuwa zuri, hilo Mectilda hajawahi kulikana. Alimwambia mke wake hongera. Alimwambia mara moja, na hajarudia.

Filamu ilitoka, mwongozaji akaleta sidii moja, ameiandika kwa kalamu ya wino mzito, *Kwa Mectilda na Nangwa Sound*. Hawakuwa na deki nyumbani wakati huo, basi wakaiacha kwa Sulle. Bendi ikafa kama zinavyokufa bendi, mmoja kaenda Babati, mwingine kaokoka. Herman akaingia kazi ya kutafsiri filamu. Kazi yenyewe inajulikana. Dijei anachukua filamu ya Kichina au ya Kihindi, anakaa chumbani na maikrofoni, anaongea kwa niaba ya kila mtu humo ndani, askari, mwizi, bibi harusi na mbwa, na katikati anatupia salamu na vichekesho. Watu wa vijijini hawataki filamu isiyo na dijei. Herman akawa Dijei Hema, na mgema akisifiwa, yajulikana tembo hulifanyaje. Moja ya kazi zake za kwanza ilikuwa *Saa ya Balozi*. Ilikwenda kila kijiji, mpaka Yaeda Chini ambako gari lenyewe hufika kwa kubembelezwa.

Mectilda hakuwahi kuitazama tafsiri hiyo. Alikuwa na mtoto mchanga, kisha akawa na rovu. Uvimbe ulikua shingoni taratibu, akaufunika kwa kitambaa, mpaka ukaanza kumkaba usiku. Daktari alimweleza kabla ya kumpasua kwamba uvimbe umeshaukumbatia mshipa wa sauti, na kwamba kuokoa pumzi kunaweza kugharimu sauti. Ikawa hivyo. Hakuna aliyekosea. Kabla ya siku ya kupasuliwa alimwomba Herman kitu kimoja, amletee ile sidii ya mwongozaji, atafute deki popote hata kwa muuguzi, ajisikilize mara moja. Herman alikwenda Nangwa akarudi mikono mitupu. Alisema Sulle ameipoteza.

Hayo yote Mectilda alikuwa ameyafungia kabatini moyoni. Sasa aliyafungua.

Jumatatu alimwuliza Herman wakati wa chai. "Ile *Saa ya Balozi*, isiyo na wewe. Inaweza kupatikana?"

"Isiyo na mimi?" Herman alicheka. "Mama Hilda, nani anaweka filamu isiyo na mimi? Mtandaoni haipo, kampuni ile ilishakufa. Labda uende kwa Sulle, yule ndiye makumbusho."

Alisema hivyo bila wasiwasi, akichovya mkate. Miaka imepita, na mtu akisema uwongo mdogo mara moja tu huusahau haraka kuliko aliyeambiwa.

Mectilda alipanda gari la Katesh, akashuka Nangwa. Kibanda cha Sulle siku hizi kinachaji simu na kuwajazia watu filamu kwenye flashi, lakini benchi za zamani bado zimepangwa kando ya ukuta. Sulle mwenyewe amenenepa, na amebaki na adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Sulle."

Alimweka kwenye kiti kizuri na kuinamisha sikio karibu na mdomo wake, bila kuona haya wala kumwonea huruma, na Mectilda alimpenda kwa hilo. Alipojua anachotafuta, Sulle alikuna kichwa.

"Ninayo. Lakini ni ya dijei."

"Iweke."

Kompyuta ikawashwa. Magadi ya Balangida yakaonekana, meupe, na mtu mwenye suti anakimbia. Besi ikaanza kunyemelea. Mectilda alishika pindo la kitenge chake. Ukaja mlio wa gitaa la Herman, msafi, haujaguswa na mtu, mpaka mwisho wa kipande chake. Halafu mwanamke akavuta pumzi ili aimbe, na hapo hapo dijei akaingia.

"Habari zenu wapenzi watazamaji, ni mimi mwenyewe Dijei Hema, mzee wa kazi, kaa mkao wa kula! Huyu mama hapa anaimba, anasema eti msimwulize jina lake, sasa nani amemwuliza? Jasusi ndiye huyo anakimbia, suti yake ni ya mtumba lakini usimwambie. Salamu zimfikie Nicodemo fundi baiskeli pale Nangwa, Nicodemo, tairi langu bado..."

Akaendelea. Aliutafsiri wimbo wa Kiswahili kwa Kiswahili, kwa watu ambao wangeuelewa wote bila yeye. Nyuma yake, mbali, kulikuwa na kitu kama mtu anayeimba ndani ya nyumba iliyofungwa milango. Huyu mama, alisema. Kila kijiji kilichotazama filamu ile kilimsikia Herman akimwita mke wake huyu mama.

Kisha wenye bunduki wakatokea juu ya kilima na kufyatua, na Dijei Hema akanyamaza. Alinyamaza kwa heshima, akaziacha risasi zote zilie. Katikati ya risasi vipande viwili vya wimbo vilipenya, "...naimba..." na "...hapa te...", halafu bunduki zikakoma na dijei akarudi.

Sulle alizima. Alitazama chini.

"Nilimwambia siku ile, mama. Nilimwambia, Hema, ule wimbo wa mkeo uache usikike. Akasema wimbo hausukumi hadithi."

"Na ile ya mwongozaji?" aliuliza Mectilda. "Uliipoteza lini?"

Sulle aliinua uso. "Mimi? Sijaipoteza. Alikuja kuichukua mwenyewe, wakati ule umelazwa. Alisema unataka kuisikiliza hospitalini."

Sulle alimwekea ile ya dijei kwenye flashi, akamfungia kwenye kipande cha gazeti, na alipomsindikiza mpaka barabarani hakujaribu kumfariji.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mectilda aliurudia msemo huo njia nzima, na kadiri gari lilivyopanda kuelekea Haydom ndivyo hasira ilivyomkaa vizuri. Hakuwa amekasirika hivi hata siku aliyoamka hospitalini na kujaribu kuomba maji.

Alipofika nyumbani, jua bado liko juu, kitambaa chekundu kilikuwa kinaning'inia kwenye mlango wa studio. Maana yake baba anarekodi. Kitambaa kikitundikwa, hakuna anayetwanga, hakuna anayeita kuku, mgeni anasalimiwa kwa mkono. Nyumba ile ilijifunza kunyamaza kwa ajili ya sauti moja, na aliyefaulu kuliko wote alikuwa Mectilda. Safari hii alikisogeza kitambaa akafungua mlango.

Herman alikuwa amekaa katikati ya trei za mayai alizobandika ukutani, amebana pua kwa vidole, analia kwa niaba ya mwanamke wa Kihindi aliyekuwa kwenye kioo. Alivua spika za masikioni.

"Mama Hilda, kitambaa."

"Sulle anasema sidii aliichukua mwenye nayo."

"Unasema?"

Hilo nalo, kila ghadhabu ya Mectilda ilibidi isemwe mara mbili. Akasogea mpaka mezani. "Ulimwambia naitaka hospitalini. Mimi ukaniambia yeye ameipoteza."

Herman alimtazama, na Mectilda aliuona uso wake ukikumbuka.

"Daktari aliniita pembeni," alisema hatimaye. "Aliniambia sauti haitarudi. Nikajiuliza, mtu anakwenda kukatwa mguu, unamletea viatu? Nilikuhurumia, mke wangu."

Huenda ilikuwa kweli. Mectilda ameishi naye muda wa kutosha kujua kwamba huruma ya Herman ni ya kweli, na kwamba mara zote huwa inamfaa yeye kwanza.

"Iko wapi?"

Herman aligeuza macho kwenye dirisha dogo, na dirisha hilo linatazama shamba la mtama.

"Zile nilizokupa," alisema. "Za ndege."

Mectilda alichukua muda kuelewa, kisha akaelewa yote kwa pamoja. Mtama hauna adui kama ndege, na ndege hufukuzwa kwa kelele. Mectilda ndiye aliyekuwa akiwafukuza, tangu msichana, kwa sauti iliyosikika vilima viwili mbele. Aliporudi kutoka hospitali mtama ulikuwa umeanza kutoa masuke, naye akasimama shambani akafungua mdomo, na ndege wakaendelea kula. Jioni ile Herman alimletea furushi la sidii. Alisema ni mbovu, zitoboe, zifunge kwenye kamba, zitang'aa juani na kuwatisha, maana sasa wewe huwezi kupiga kelele. Mectilda alimshukuru. Alilia kidogo kwa kushukuru, akiona mume amemfikiria. Akapasha msumari kwenye makaa, akazitoboa moja moja, moshi wa plastiki ukimwingia machoni. Tangu hapo kila msimu huzifunga, na baada ya mavuno huzifungua, anazifuta vumbi na kuzitunza ndani ya debe.

"Ulijua iko humo," alisema.

"Sikutaka kuitupa. Niliona aibu kuitupa."

"Na kwenye tafsiri? Hapo nilikuwa mzima, Herman. Naongea. Naimba. Mbona hukuniachia wimbo?"

"Hiyo ndiyo kazi ilivyo. Ukinyamaza, watu wanadhani mashine imeharibika."

"Risasi uliziacha."

Herman alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu amjue, Mectilda alimwona akikosa neno. Lakini haikudumu, mtu wa maneno hakosi neno la pili.

"Risasi ni risasi," alisema, akavaa spika zake masikioni.

Mectilda alikwenda shambani. Mtama ulikuwa umemfika kifuani, na sidii ziliyumba kwenye kamba zao, zikirusha vipande vya jua huku na huku. Alizikamata moja moja akizigeuza. Nyingi zilishachubuka rangi kwa mvua na jua la miaka. Kwenye nguzo ya pembeni, karibu na mfereji, alipata moja ambayo wino wake ulikuwa haujafutika wote. Palisomeka *Mecti*, na mbele yake hakukuwa na kitu. Ngozi yake ya fedha ilikuwa imebanduka, ukiiinua unaona masuke upande wa pili. Tundu la msumari lilikuwa katikati ya wino, safi, la mtu aliyefanya kazi yake kwa uangalifu.

Alikaa chini kati ya mistari ya mtama akalia. Analia bila sauti siku zote, kwa hiyo ndege hawakushtuka.

Siku iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, Herman alikwenda Haydom kupeleka kazi zake. Mectilda alimwita Hilda kutoka kwenye vyombo, akamkalisha mbele ya televisheni, akachomeka flashi na kuketi kando yake, ile sidii yenye tundu mapajani. Alikuwa amepanga maneno ya kumwambia tangu asubuhi. Alitaka kuanza nayo kabla filamu haijaanza, lakini kidole kikawahi kubonyeza, au labda moyo ulitaka mtoto atambue mwenyewe.

Magadi meupe. Besi. Gitaa.

"Hilo ni gitaa la baba?" aliuliza Hilda, na Mectilda akatikisa kichwa kukubali.

"Habari zenu wapenzi watazamaji, ni mimi mwenyewe Dijei Hema..."

Hilda alicheka. Alicheka suti ya mtumba, akacheka tairi la Nicodemo, akajipiga paja. "Baba alikuwa anachekesha tangu zamani," alisema. Mectilda alimwinamia amwambie, na alichosema hakikufika. Spika ilikuwa ya Herman, kubwa, ya kazi, na sauti yake ilijaa chumba mpaka kwenye kenchi. Ili asikike na mtoto aliyekaa bega kwa bega naye, ilimpasa amsubiri mume wake anyamaze, na mume wake alinyamaza sehemu moja tu.

Akazisubiri risasi. Zilipoanza akaweka mdomo kwenye sikio la Hilda, akasema, "Huyo anayeimba ni mimi."

"Unasema, mama?"

Risasi zikakoma. Dijei akarudi na salamu zake.

Hilda alimtazama mama yake usoni, kisha akachukua rimoti, akasimamisha.

"Sema, mama."

"Huyo mwanamke, chini ya sauti ya baba yako," alisema Mectilda. "Ni mimi. Na wewe ulikuwa tumboni."

Hilda hakucheka. Aliitazama shingo ya mama yake, ule mstari wa kovu ambao amekua akiuona kama watu wanavyoona mlango wa nyumba yao. Halafu akairudisha filamu mwanzo, akapiga magoti sakafuni, akaweka sikio kwenye kitambaa cha spika na kuziba sikio la pili kwa kidole. Besi. Gitaa. Habari zenu wapenzi watazamaji. Alikunja uso akitafuta. Risasi zikalia, na midomo yake ikatembea taratibu, "...hapa te...". Akarudisha tena. Na tena.

Hawakusikia mlango. Herman alikuwa amesimama kizingitini na mfuko wa nyama mkononi, na aliposikia kazi yake ya zamani tabasamu lilimjia lenyewe, maskini, mtu hawezi kujizuia. Akaingia katikati ya sentensi, sambamba na yeye mwenyewe, akinyoosha mkono kama yuko jukwaani.

"...sasa nani amemwuliza? Jasusi ndiye huyo anaki..."

"Baba, nyamaza," alisema Hilda bila kuondoa sikio kwenye spika. "Namsikiliza mama."

Tabasamu la Herman lilibaki usoni bila kazi. Alimtazama Mectilda, akaiona mapajani mwake ile sidii iliyotobolewa, akateremsha mkono.

Herman wa mlangoni alinyamaza. Yule wa kwenye spika aliendelea, akamsalimia fundi baiskeli wa Nangwa na jamaa zake wote, mpaka wimbo ukaisha.